UZI: Land Rover 109 ya ndoto yako na kutu ya Tanga

MkongeMzee

Waungwana wa Tanga, Muheza, Pangani na mwambao wote, salaam.

Haupiti mwezi bila mtu kuuliza: kuna 109 inauzwa mahali fulani, injini inawaka kwa stata moja, nichukue? Nafungua uzi huu ili tujibu mara moja, vizuri, na swali likirudi tuwe na pa kumwelekeza mtu.

Ninaongelea Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli. Ndiyo iliyozunguka mashamba ya mkonge, ofisi za wilaya na misheni. Mlio wa gia zake watu waliutambua kabla gari halijakata kona. Najua mapenzi hayo, lakini mapenzi ndiyo yanayomfanya mtu ainame kusikiliza injini badala ya kulala chini akatazama chuma.

Huku pwani unanunua chasisi na ukuta wa mbele, ule unaotenga injini na chumba cha dereva. Injini unapewa juu yake, kama pilipili ya embe. Injini ikifa, fundi yeyote wa Ngamiani anaifufua. Chasisi ikioza, umenunua mapambo ya uwanja.

Watu hudanganyika na bodi. Bodi ni ya aloi ya alumini, haifanyi kutu nyekundu, basi gari linaonekana zima. Chini yake chasisi ni chuma, ukuta wa mbele ni chuma, fremu za milango ni chuma. Chasisi yenyewe ni boksi lililochomelewa kwa bati la milimita 2 tu, na ndani ni tupu. Hewa ya chumvi inaingia, matope yanaziba matundu ya kutolea maji, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiona kipele cha kutu nje, ujue ndani kazi imeshakwisha. Kutu hii si waja leo waondoka leo.

Beba nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, bisibisi la zamani, sumaku, tochi na gunia la kulalia. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Boriti ya nyuma, ile inayofungwa ndoano ya kuvutia. Gonga upande wa chini, si wa nyuma unaoonekana. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinatoa sauti ya debe lililojaa mchanga.
2. Mahali springi za nyuma zinapofungwa kwenye chasisi. Hapo ndipo mzigo wote unakaa. Bisibisi likizama, funga begi lako uondoke.
3. Mabawa yanayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba ukuta wa mbele na tangi. Haya hubadilishwa, hayatishi sana.
4. Pembe za mbele, springi za mbele zinapoanzia. Pembe ya kulia ndiyo yenye namba ya chasisi iliyogongwa. Nitairudia hii chini.
5. Ukuta wa mbele: sehemu ya kukanyagia miguu, nguzo za bawaba za milango, na kona za juu karibu na vile vidirisha vya hewa chini ya kioo. Pitisha sumaku. Isiposhika hapo, umekutana na puti.

Ukikuta chasisi imepakwa lami nzito nyeusi, mpya, inang'aa, usiisifie. Mwambie muuzaji akuruhusu kukwangua sehemu tatu unazozichagua wewe. Akikataa, jibu umeshapata.

---

Fundi_Makorora

Mzee umesema kweli tupu. Naongeza kuhusu kuchomelea, maana hapo ndipo pesa za watu zinapozikwa.

Bati la milimita 2 unalipachika kiraka cha milimita 2.5 au 3. Mafundi wengi huweka bati la milimita 6 wakidhani wameimarisha. Wameharibu. Chuma kinene hakipindi, chembamba kinapinda, na gari likianza kucheza barabarani ufa unatokea pembeni kabisa mwa kiraka. Baada ya miezi unachomelea kiraka juu ya kiraka.

Kiraka kisiwe na kona za mraba. Zungushia kona, au kikate umbo la almasi, ili nguvu isikusanyike kwenye mstari mmoja unaokatiza chasisi. Na kata chuma kilichooza chote mpaka ufike kwenye chuma cheupe. Ukichomelea juu ya kutu moto unatoboa tu.

Kabla ya kuwasha mashine: toa waya za betri, chomoa altaneta, na shusha tangi. Kwenye pikapu ya 109 tangi liko chini ya kiti cha mbele. Kuna watu hufunika kwa gunia bichi wakaendelea. Mvuke wa petroli haujui gunia.

Kabla hujakata kitu kikubwa, pima. Egesha kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, shusha timazi kutoka pointi zilezile kulia na kushoto (tundu za sheko, vile viungo vya springi na chasisi, mbele na nyuma), weka alama sakafuni kwa chaki, kisha pima kwa kamba kwenye mshazari. Mishazari miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, chasisi imepinda. Gari la namna hiyo litakula tairi na kuvuta upande mmoja hadi kiama, hata ubadilishe tai rodi zote.

---

KijanaWaPongwe

Shikamooni wakubwa. Swali: kama bodi ni alumini na haishiki kutu, ule unga mweupe unaotokea chini ya riveti na pembeni mwa milango ni nini? Na mimi huku tumezoea kupulizia oili chafu chini ya gari kila mwaka, inatosha?

---

Mwambao4x4

Marahaba kijana.

Unga mweupe ni alumini inayoliwa. Alumini na chuma zikigusana, kukawa na maji ya chumvi katikati, umetengeneza betri ndogo. Katika betri hiyo alumini ndiyo inayoumia. Ndiyo maana mlango wa Series III unaoza ukingoni, pale bati la alumini lilipokunjwa kukumbatia fremu ya chuma. Rangi inavimba kama maandazi, ukibonyeza inapasuka, ndani kuna unga.

Dawa ni kutenganisha. Fungua, safisha kwa brashi ya waya (ya alumini itenge na ya chuma, usihamishe vumbi la chuma), paka praima ya epoksi pande zote mbili, weka ukanda mwembamba wa mpira au washa za nailoni, ndipo ufunge. Bolti tumia zilizopakwa zinki. Wengi hukimbilia bolti zisizoshika kutu kwa sababu zinang'aa. Zenyewe hazishiki kutu, ila alumini iliyozizunguka ndiyo inayoliwa upesi zaidi.

Oili chafu sasa. Hapa sitapendwa. Inazuia kutu kwa muda, sikatai, lakini ina mambo matatu: inavimbisha bushi za mpira na mipira ya breki, inakusanya mchanga wa Pangani ukawa kama msasa, na mtu akija kuchomelea baadaye inawaka. Tena watu huipulizia nje, wakati adui yuko ndani.

Fanya hivi. Subiri kaskazi, usifanye masika. Osha chasisi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ingiza bomba ndani ya matundu mpaka maji yatoke safi, zibua matundu yote ya chini kwa waya. Acha gari juani siku tatu. Halafu pulizia ndani kwa kompresa na mpira mrefu uliotobolewa mwishoni, ukiuvuta taratibu kuja nje. Nta maalumu ya chasisi ndiyo bora. Ukiikosa, oili mpya ya gia EP90 sehemu tatu kwa sehemu moja ya mafuta ya taa. 109 inakunywa lita 4 hadi 5. Itachuruzika siku mbili, weka maboksi chini. Mipira na bushi zifunike kwa nailoni kwanza.

---

Fundi_Makorora

Kwenye oili chafu mimi na Mwambao hatuelewani siku zote, lakini kuhusu kupuliza ndani yuko sawa. Oili chafu kwenye chasisi ya lori la mkaa poa, ila ukiirusha karibu na mipira ya breki umejitafutia.

---

Binti_Pangani

Wakubwa zangu, kuna fundi anashauri itolewe injini ya petroli ya lita 2.25 iwekwe dizeli ya Toyota ya 3L, ati itakimbia kama gari jipya na mafuta itanusa tu. Ni kweli, au ni maneno ya gereji?

---

MkongeMzee

Nusu kweli, dada. Mafuta itapunguza. Kukimbia, hapana, na sababu ni hesabu, wala haihitaji ubishi.

Difu ya Series ina uwiano wa 4.7 kwa 1. Gia boksi ndogo, ile ya kugawa nguvu mbele na nyuma, hata ukiwa kwenye gia za juu, inaongeza 1.15. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja gari linasogea kama mita 2.5. Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi linazunguka mara 533 kwa dakika. Zidisha kwa 4.7, kisha kwa 1.15: injini iko karibu 2,900. Kwa kilomita 100 iko 3,600. Injini ya 2.25 ya petroli inatoa nguvu yake ya juu kwenye 4,000, na dizeli ya 3L nayo mwisho wake ni hapohapo. Kwa hiyo injini yoyote utakayoweka, gari ni lilelile la kilomita 80, labda kelele zibadilike.

Ukitaka mwendo, badilisha uwiano wa difu, zote mbili, mbele na nyuma, zifanane. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku utakapobonyeza kirungu cha njano kuingiza ekseli ya mbele utavunja kitu.

Na ukibadilisha injini, namba ya injini kwenye kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA (mamlaka ya mapato). Usilale nalo.

---

Fundi_Makorora

Naongeza kwa dada. Kabla ya kuzidisha nguvu, tazama ekseli ya nyuma. Zipo za aina mbili. Yenye mfuniko nyuma uliofungwa kwa bolti kumi ni Salisbury, ngumu, 109 nyingi za Series III zinayo. Yenye mgongo laini wa duara usiofunguka, difu yake inatokea mbele, ni ya Rover. Hiyo ya Rover shafti zake hukatika ukiwa na mzigo, gari limezama, ukarudisha rivasi kwa pupa. Salisbury inataka oili lita 2.5, ya Rover lita 1.75.

Na injini ya 2.25 usiidharau. Nafasi ya tapeti zote milimita 0.25. Pointi za distributa 0.35 hadi 0.40. Plagi 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa moto 1-3-4-2. Oili lita 6 na kidogo ya filta, jumla kama 6.8. Kuanzia 1980 krenki yake inakaa kwenye beringi tano badala ya tatu, hiyo ndiyo ya kutafuta. Zikiwekwa sawa hizo, injini inaguguna taratibu kama mtu anayetafuna mhogo.

Dizeli ya 2.25 ina ujinga mmoja. Plagi za kupasha joto kwenye nyingi zimeungwa kwa mfululizo, umeme unapita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ikiungua moja zote zinakufa. Hapa Tanga mjini huoni tofauti, joto lipo. Lipeleke Lushoto, asubuhi ya Julai halitawaka, na mtu atakuuzia pampu mpya ya dizeli wakati tatizo ni plagi moja.

---

Soni_Mteremko

Wa milimani naomba nafasi.

Kushuka Lushoto kwenda Mombo na breki za ngoma si mzaha. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, na usikanyage breki mfululizo. Ngoma zikipata moto zinatanuka, zinakimbia viatu vya breki, pedali inazama. Marekebisho: nyanyua tairi, kaza rekebisho mpaka tairi ligome kabisa, kisha legeza kidogo kidogo mpaka lizunguke kwa mkono bila kukwaruza. Upande wa kulia na kushoto usipolingana, gari litakwenda korongoni lenyewe.

Mabomba ya chuma ya breki huoza pwani. Badilisha yote kwa bomba la shaba na nikeli la inchi 3/16. Mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Ukitia hydroliki ya trekta, sili zote za mpira zinavimba na utazibadilisha kuanzia masta silinda hadi tairi la mwisho.

---

KijanaWaPongwe

Na taa? Nyingi ninazoziona, ukiwasha indiketa taa ya breki nayo inakonyeza.

---

Mwambao4x4

Ahaa, huo ni ugonjwa wa taifa. Si balbu wala swichi. Ni earthi.

Umeme wa taa za nyuma unarudi kwenye betri kupitia bodi ya alumini, halafu bolti, halafu chasisi. Ule unga mweupe tuliousema haupitishi umeme. Umeme ukikosa njia ya kurudi, unapita kwenye balbu ya jirani, ndiyo konyezo hilo.

Vuta waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kila taa ya nyuma hadi pointi moja kwenye chasisi uliyoikwangua ikawa nyeupe, paka grisi juu baada ya kukaza. Kisha waya mnene mwingine kutoka hapo hadi hasi ya betri. Kazi ya saa mbili, na matatizo ya umeme yanapungua kwa namna ya kushangaza. Series III ni hasi kwenye earthi na inakuja na altaneta. Zile za kabla yake, nyingi ni chanya kwenye earthi, usichanganye, utaunguza.

---

Pijo504

Naona mnaimba Land Rover tu. Anayetaka gari la kumbukumbu la kukaa ndani, siyo la kulalia chini, atafute Peugeot 504. Mkumbuke Pijo ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967, likiwa 404, mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyeishi hapahapa Tanzania. Na 504 ikashinda 1975 na 1978.

---

MkongeMzee

Karibu, bwana Pijo, nilikuwa nakungoja. Haya tuambie na magonjwa yake.

---

Pijo504

Yapo, sifichi.

La kwanza, mikono ya silinda, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni ya maji: inakaa huru ndani ya bloku, maji yanaizunguka, chini kuna sili nyembamba. Fundi akitoa silinda hedi, lazima aibane mikono kwa bolti na washa pana kabla hajagusa kitu. Asipofanya hivyo akazungusha krenki, mkono unanyanyuka kidogo, sili ya chini inakatika, na wiki inayofuata maji yako kwenye oili. Hapo watu husema "injini mbovu" kumbe ni mkono wa fundi. Kabla ya kurudisha hedi pima kila mkono umechomoza kiasi gani juu ya bloku, na yote minne ilingane. Mmoja ukiwa chini, gasketi mpya haitadumu.

La pili, hedi ni alumini. Maji ya kisima ya huku yana chokaa na chumvi, yanaila. Weka kuulanti, au angalau maji ya mvua. Hili hata wa Land Rover walisikie, rejeta zenu zinaziba kwa chokaa hichohicho halafu mnalaumu jua.

La tatu, kwenye saluni propela shafti imefungiwa ndani ya bomba lililoungana na difu. Kubadilisha klachi maana yake difu nzima inasogezwa nyuma. Fundi akikwambia ni kazi ya asubuhi moja, hajawahi kuifanya.

Kutu yake iko juu ya shokapu za mbele, kwenye vizingiti vya milango na sakafu ya buti. Gari hili halina chasisi ya kuhama, bodi ndiyo chasisi. Juu ya shokapu pakioza, achana nalo.

---

Binti_Pangani

Asanteni. La mwisho: 109 imekaguliwa, chasisi ya nyuma nzima ila pembe ya mbele kulia imeoza. Muuzaji anasema pembe inabadilishwa kwa siku moja. Nikubali?

---

Fundi_Makorora

Kubadilisha ni siku moja kweli. Lakini hiyo ndiyo pembe yenye namba ya chasisi. Ikikatwa, namba inaondoka na chuma chakavu, na gari lisilo na namba inayolingana na kadi halihamishiki umiliki.

Safisha hapo kwa brashi ya waya laini na mafuta ya taa, usitumie grinda, usome namba. Linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Piga picha. Kama inasomeka na chuma chenye namba bado kizima, fundi akate kuizunguka na kukiacha mahali pake. Kama imeoza mpaka haisomeki, muuzaji amalizane na TRA na polisi kwanza, kwa jina lake, ndipo uzungumze bei.

---

Binti_Pangani

Inasomeka tarakimu zote isipokuwa mbili za mwisho.

---

Fundi_Makorora

Basi usitoe hata shilingi, dada. Mwambie hivyo hivyo.